Skonzi Nilizojisifia Kwenye Barua

Mume wangu alinichumbia kwa barua, nami nikamjibu kwa barua, na katika moja ya barua hizo nikadanganya. Yeye alikuwa karani wa tiketi katika stesheni ya Kilosa. Mimi nilikuwa nyumbani Malolo, nimemaliza shule ya bweni ya masista, nasubiri maisha yaanze. Aliandika kwamba angependa kujua ninaweza kazi gani. Kulima nilikuwa naweza, kushona pia kidogo, lakini hayo kila msichana wa Malolo aliyaweza. Nikaona nichomeke jambo la kunipandisha. Nikaandika kwamba shuleni nilifundishwa kuoka skonzi za chai ya saa kumi, na kwamba zangu ndizo walizozisifu masista.

Ukweli ni kwamba kila siku ya kuoka, kundi letu lilipangiwa kuosha vyombo. Skonzi nilizijua kwa harufu, na kwa makombo yaliyobaki kwenye trei.

Tulioana wakati mashamba ya mkonge yameshataifishwa, nikahamia Kilosa kwenye nyumba za reli: vyumba viwili na jiko la uani. Baba mkwe alikuwa akikaa nasi. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, na nilichojua juu yake ni kwamba alifanya kazi mkonge miaka mingi. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo baba," naye akaitikia marahaba akitazama pembeni, kwa heshima ya mkwe. Basi, mazungumzo yetu ya siku nzima yalikuwa yameisha.

Mwezi wa kwanza ulipita salama. Wa pili, mume wangu akaniuliza kwa upole ni lini ataonja zile skonzi. Nikamwambia bila unga wa ngano haiwezekani. Jumamosi akaja na unga. Nikasema siagi, akaleta siagi. Nikasema beking pauda, nikijua fika kwamba haipo madukani, naye akamwagiza mwenzake wa kwenye treni, ikaja kutoka Dar es Salaam. Nikabakiwa na kisingizio cha tanuri tu. Nilimweleza kwa uchungu kwamba masista walikuwa na tanuri la chuma lenye mlango, na kwamba mtu hawezi kuoka skonzi juu ya mafiga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akarudi na sufuria mbili, moja inaingia ndani ya nyingine, pamoja na bati la kufunikia. Mafundi wa karakana, alisema, wamemhakikishia kwamba makaa yakiwekwa chini na juu hakuna kisichoiva.

Halafu akaongeza kwamba Jumapili shangazi yake angekuja na treni ya Mikumi kumwona bibi harusi.

Jumapili hiyo nikaingia jikoni. Kukanda chapati nilikuwa najua, na akili yangu ikaniambia kwamba kitu kinacholiwa na masista lazima kikandwe zaidi kuliko chapati. Niliukanda ule unga mpaka mabega yakauma. Niliusukuma, nikaupigapiga, nikaupumzisha, nikaurudia. Ukawa unavutika kama mpira wa baiskeli. Nikakata vipande kwa glasi, nikapanga ndani ya sufuria, nikaweka makaa. Zilitoka na rangi nzuri. Hilo napenda lieleweke, rangi ilikuwa nzuri sana.

Shangazi alikuwa mama mnene, mchangamfu, asiyejua kuficha anachokiona. Baada ya salamu, na baada ya kunikagua mbele na nyuma, tukaketi barazani kunywa chai. Mume wangu aliuma skonzi yake, akasita, akaihamishia upande wa pili wa kinywa. Shangazi alichovya ya kwake ndani ya kikombe, akaishikilia humo huku akisimulia jinsi tembo walivyomaliza mahindi ya jirani yake. Tembo wakafukuzwa, simulizi ikaisha. Akaitoa skonzi, akaibonyeza, akairudisha kwenye chai, akaanza habari za harusi ya Kisanga. Harusi nayo ikaisha. Ndipo akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu," alisema, "mkono wako una nguvu. Jembe utaliweza."

Baba mkwe alikula yake yote. Ilimchukua muda.

Kesho yake mume wangu alipokwenda kazini, nilikuwa jikoni nakwangua sufuria nikasikia kigoda kikiwekwa nje ya mlango. Mzee aliketi akanipa mgongo, akawatazama kuku, na kwa muda nikadhani anazungumza nao.

"Unga wa skonzi haukandwi," alisema. "Unaguswaguswa tu. Wewe jana uliufua kama blanketi."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, baba amejuaje. Hapo ndipo nilipopata habari ambayo mume wangu hakuwahi kunipa. Kule mkonge mzee hakukata hata jani moja. Alikuwa mpishi wa meneja kwa miaka kumi na saba, chai saa kumi kamili, skonzi kila siku. Meneja alipofunga mizigo na kurudi kwao, mzee alikuja kwa mwanawe akaapa hatagusa bakuli la unga tena. Kiapo hicho hakikumzuia kusema, akaniambia nilete unga.

Alinifundisha bila kugeuka. Nivuruge siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chenga za mahindi. Nitie maziwa ya mgando, nichanganye kwa kisu, nisitumie mkono. Nisiusukume ukawa mwembamba, uwe na unene wa vidole viwili. Glasi ishuke moja kwa moja na ipande moja kwa moja, bila kuzungushwa.

"Umezungusha," alisema.

"Kidogo tu, baba."

"Nimesikia."

Zilipoiva zilikuwa zimeumuka na kupasuka ubavuni. Nikaweka moja kwenye sahani nikaisogeza mlangoni, naye akapeleka mkono nyuma akaichukua. Aliivunja, akainusa, akatafuna polepole.

"Chumvi umesahau," alisema. Kisha akapeleka mkono nyuma tena.

Jioni nikamkiria mume wangu kila kitu. Akacheka. Alisema alijua tangu ile barua, kwa sababu humo niliandika kwamba skonzi zangu huzikaanga mpaka ziwe nyekundu. Alimsomea baba yake, na mzee alicheka mpaka akatoka nje. Nilipouliza kwa nini basi alinihangaisha na unga, siagi na sufuria, alijibu kwamba alitaka kuona nitakwama wapi, na hakutegemea ningefika mpaka kwenye makaa. Nilimnunia siku mbili, na siku hizo mbili skonzi nilioka nne tu, za mzee na zangu.

Tukaendelea hivyo, mimi ndani na mzee nje na kuku wake. Harufu ilivuka ua, na siku moja balozi wetu wa nyumba kumi alipita saa kumi kamili. Alikuwa mtu mwema, mwenye bidii ya siasa. Alipokea chai na skonzi, akala, kisha akauliza, kwa nia ya kuelimisha, kama kunywa chai kwa siagi kila jioni si tabia ya mabwanyenye, wakati wananchi wanahimizwa kujibana.

Nilidhani mzee atanyamaza kama kawaida yake. Aliweka kikombe chini.

"Miaka kumi na saba nilizioka," alisema, "na hakuna siku niliyoketi nikala. Leo nimeketi nyumbani kwa mwanangu, nakula. Kama huu si Uhuru, balozi, nieleze ni nini."

Balozi akafuta vidole, akaomba ya pili. Nilimpa iliyokuwa na siagi nyingi.