Bibi Shamba Anayesubiri Kuulizwa

Aneth ni mtoto wa kaka yangu, na mimi Yudita, shangazi yake, ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo anayetaka kubishana na haya ninayosema aje hapa Kifanya tubishane. Ni bibi shamba. Anafanya kazi Makambako, na wakulima wa kule wanampigia simu hata akiwa kanisani. Wanamuuliza habari za mbolea, za funza, za mbegu iliyooza. Mtu mmoja tu alikuwa hajawahi kumuuliza kitu, na huyo ndiye aliyemtaka aulize: baba yake, Danieli.

Nianzie pale mambo yalipoharibika. Miaka sita iliyopita Aneth alitoka chuoni na diploma yake, akapangiwa kwanza hapa hapa kwetu. Mkutano wake wa kwanza ukafanyika ofisi ya kijiji, mwezi wa kumi na mbili, viazi mviringo vimeota vizuri. Bosi wake akaja kumsikiliza, akakalia kiti cha plastiki na daftari mapajani. Basi mtoto akasimama. Loo, aliongea! Vimelea, unyevunyevu hewani, dawa ya kinga, gramu kwa lita, muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Bosi anaitikia kwa kichwa, anaandika. Kaka yangu yuko mstari wa mbele na koti lake la Jumapili, anatabasamu mpaka nikamwonea aibu. Bibi mmoja pembeni yangu akaninong'oneza, "Amesemaje?" Nikamwambia anyamaze, amesema vizuri.

Mwishoni Aneth akauliza kama kuna mwenye swali. Sisi wa umri wetu hatumuulizi mtoto wetu swali mbele ya watu. Utaonekana unamtega, na akikwama ni aibu ya nyumba nzima. Danieli hakuuliza. Nyumbani nako hakuuliza, maana angeanzaje kumwambia mtoto aliyemsomesha kwa viazi hivyo hivyo kwamba hakuambulia kitu?

Akanunua dawa, akaiweka stoo juu ya kichanja, akasubiri viazi viugue. Msimcheke kaka yangu! Dawa anapewa mgonjwa, ndivyo alivyojua. Siku alipoona madoa ya kahawia kwenye majani akatoka na bomba mgongoni, akapuliza kutwa nzima. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Ekari mbili zikaoza zikanuka.

Aneth alipofika alimkuta baba yake amesimama kwenye tuta. "Baba, si nilisema mpulize mapema?"

"Ulisema," akajibu.

Basi. Tangu siku hiyo hakumwambia neno lolote la shamba. Mwaka uliofuata akapanda mipaini pale pote, akasema miti haina maneno mengi. Sasa imepita bati la nyumba, na Aneth akija kwao lazima apite katikati yake.

Alihamishiwa Makambako, na kule amekuwa mtu mwingine. Hamalizi mkutano bila kumsimamisha mkulima mmoja arudie alichosikia. Akiwa na wenye maduka ya pembejeo anataja gramu, ripoti anaijaza hivyo vimelea vyake, na akiwa na akina mama wa bustani anachukua kizibo anapima mbele ya macho yao. Wanamsifu sana. Lakini akinipigia mimi, tukishamaliza salamu zetu za kamwene, swali ni moja.

"Shangazi, baba hajauliza chochote?"

"Hajauliza."

"Hata habari ya mahindi?"

Jamani, inaniuma. Anatamani mzee mmoja wa Kifanya amwambie, mwanangu, hapa sijaelewa. Akija likizo wanaongea habari za mvua, za ng'ombe, nani amefariki. Maneno yakikaribia shamba, wote wawili wanatazama vikombe vyao vya chai. Nami nakaa katikati, natamani niwagonganishe vichwa.

Mwaka huu, mwezi wa kumi na moja, nikamkuta Danieli kando ya nyumba yake anainua matuta, kipande kidogo tu, anafukia viazi. Nikajifanya sikuona. Wiki mbili baadaye, Jumamosi, nikiwa kwake, tukasikia Aneth anakuja njiani. Kaka yangu akanivuta mkono haraka. "Yudita, muulize huyo mtoto ile dawa ya viazi inapulizwa lini. Uliza kama ni vyako." Akaingia ndani, akarudishia mlango. Mimi mwaka huu sina hata kiazi kimoja, nimepanda maharage matupu!

Nikauliza hivyo hivyo, nikichambua maharage yangu kibarazani. Aneth akayatazama maharage, akatazama matuta mapya, akatazama mlango. Kisha akapandisha sauti.

"Shangazi, zile nguzo za zizi, baba anazipaka oili chafu lini?"

"Kabla ya kuzichimbia."

"Hangoji mchwa waingie?"

"Wakishaingia, oili ya nini tena?"

"Basi dawa hii ndiyo hiyo oili. Unapuliza majani yakiwa mazima, hayana hata doa. Mvua zikizidi, unarudia kila wiki. Ukingoja doa, umechelewa."

Ndani nikasikia kigoda kikisogezwa.

"Yudita," sauti ikatoka nyuma ya mlango, "muulize, mbona siku ile hakusema hivyo?"

Nikafungua mdomo nirudie. Aneth akanishika mkono. Machozi yanamtoka, wala hayafuti.

"Siku ile nilikuwa naongea na bosi, baba," akasema. "Sikuongea na wewe. Nisamehe."

Mlango ukafunguka. Danieli akatoka na lile bomba la zamani, akalitua chini karibu na miguu ya mwanawe, akavuta kigoda akaketi.

"Haya, nionyeshe," akasema. "Na usiende haraka."