Futi na Mchezo wa Kukata Kitambaa

Jina alilopewa na wazazi wake, mtaa mzima umelisahau. Wanamwita Futi, kwa sababu mahali fundi mwingine hupima mara moja, yeye hupima mara tatu, kisha humwita mteja arudi apimwe tena. Ana miaka thelathini na minne. Anashona sare na magauni katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake, na baba mtu ndiye mpiga pasi. Cherehani ziko mbili. Ya pili ilikuwa ya mama yake, na tangu mama azikwe mwaka jana imefunikwa shuka. Hakuna aliyesema isiguswe. Haiguswi tu.

Futi alikuwa na jambo moja moyoni: kutengeneza michezo ya kompyuta. Si kuicheza, kuitengeneza. Lilimwingia siku za kumuuguza mama. Kwenye simu alimwona mtu wa mbali akieleza, hatua kwa hatua, jinsi ya kumfanya chura wa kuchora aruke. Futi alidhani ni mtego, kwamba huko mbele watadai kitu. Hawakudai. Masomo bure. Programu ya kutengenezea, bure. Hata picha, na sauti za nyayo na milango, wapo watu wanaozitengeneza na kuziachia wenzao, sharti uwataje tu. Jambo hilo alikaa nalo kutwa. Watu wasiomjua wamempa kazi ya mikono yao.

Nyumbani hakuna kompyuta. Maktaba ya mtaa ina chumba chenye viti vinane, na Futi alipata kimoja, muda wa saa mbili kila asubuhi kabla hajafungua kazi. Sharti lilikuwa moja. Miezi sita ikiisha, uonyeshe mchezo wako mwenyewe, unaofunguka na kuchezeka. Huna, kiti anapewa mwingine, na wanaosubiri ni wengi. Kiti kikienda, basi.

Jumatatu moja mama mkutubi akamwita pembeni akamkumbusha kwamba Jumamosi ndiyo mwisho. Futi akatoa madaftari manne. Yamejaa pomoni, kila kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula. Mama mkutubi akafunua, akafunua.

"Dada, umeandika vizuri kuliko walimu wenyewe. Mchezo uko wapi?"

Futi akamfungulia ule wa chura.

"Huyu chura nimemwona kwenye viti vitatu humu ndani. Huyu ni wa mwalimu. Wako uko wapi?"

Futi akayakusanya madaftari yake. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kila akimaliza somo moja, jingine lilikuwa linamchungulia. Alijiambia ataanza akishajua vivuli. Akavijua, akasema bado sauti. Tena kuna wiki mbili alizozipoteza akitafuta kitufe alichokionyesha mwalimu, kumbe somo lilikuwa la toleo la zamani na kitufe chenyewe kilishaondolewa. Futi alijiona mjinga, akaapa asiguse kitu mpaka ajue kila kitu.

Mchana alimweleza baba yake. Mzee alikuwa kwenye kola, hakuinua kichwa.

"Mama yako kila gauni alilikatia gazeti kwanza," alisema. "Akikosea, amekosea gazeti."

Akaendelea na kola. Hotuba ikaishia hapo.

Jumanne Futi alikwenda maktaba bila daftari. Akajiuliza anajua nini ambacho hahitaji kufundishwa. Akajibu: kupanga patani, vile vipande vya karatasi vya kukatia nguo, juu ya kitambaa kisiharibike. Akachora kipande kikubwa cha kijivu, ndicho kitambaa. Juu yake vipande vya shati: mbele, mgongo, mikono miwili na kola, vyote vya kijivu. Picha hakuna, muziki hakuna. Unavivuta, unavigeuza, unakata, mashine inakuhesabia kilichobaki; kikiwa kikubwa, umeshinda. Mkono mmoja ukawa unachomoka nje ya kitambaa na kupotea kabisa. Zamani angeanza somo zima upya. Sasa alitafuta jambo hilo moja tu, jinsi ya kukizuia kitu ukingoni. Likamchukua dakika saba. Jumatano mchezo ukafunguka.

Somo moja lilikuwa limemwambia: mpe mtu asiyewahi kuuona, nawe funga mdomo. Alhamisi akamchukua mzee hadi maktaba, akamketisha. Kwenye kioo yalikuwepo maneno ya kumwambia abonyeze ili aanze. Mzee hajui kusoma. Namba ndiyo, herufi hapana. Akatazama. Futi akakalia mikono yake. Dakika nzima ikapita.

"Inasubiri nini?" mzee akauliza.

"Inasubiri usome, baba."

"Basi tutakesha."

Futi akayafuta maneno yote, akaweka mchoro wa mkono unaovuta kipande. Mzee akaelewa papo hapo. Akapanga polepole, kama anayetandika kitanda, akakata. Kikabaki kipande kikubwa cha kitambaa, mashine ikampa mia kwa mia. Hakucheka.

"Mkono huu nimeulaza," akasema.

"Si umeingia?"

"Umeingia. Lakini uzi wa kitambaa umekwenda kombo. Shati likifuliwa mara moja, mkono unapinda, mteja anakuletea mlangoni." Akaionyesha ile mia kwa kidole. "Imenisifu kwa kazi mbovu."

Lilimchoma Futi, maana lilikuwa kweli, na yeye ni fundi. Bila uzi, mchezo wake ulikuwa wa kupanga maboksi tu. Ijumaa akatia mistari ya uzi kwenye kitambaa na kwenye kila kipande. Mistari isipokwenda pamoja, mkasi haukati. Kazi iliyokuwa rahisi ikawa ngumu ghafla, na tamu. Alikusudia mchezo uwe na vitambaa vitatu, kila kimoja kigumu kuliko kilichotangulia. Muda ukampa viwili.

Jumamosi mama mkutubi akavuta kiti. Kitambaa cha kwanza alikimaliza mara moja, akatazama huku na huku kwa maringo. Cha pili kikamtoa jasho. Akipata mgongo, kola inakosa mahali. Wanaosubiri viti wakajisogeza nyuma yake, wakaanza kumwelekeza.

"Geuza, mama. Geuza kule."

"Niacheni na kola yangu."

Futi alisimama kando, meno kayabana. Mara ya tano kola ikakaa, mkasi ukakata. Mama mkutubi akadai cha tatu.

"Cha tatu bado," Futi akasema. "Hivyo viwili ndivyo nilivyonavyo."

Mama mkutubi akavuta daftari la viti, akaandika. Miezi sita mingine. Futi akataka kukaa aanze, lakini akaombwa asubiri kidogo. Kile kitambaa cha kwanza, mama mkutubi alisema, alikikata kwa haraka, na anaona anaweza kubakiza kipande kikubwa zaidi.