Pengo Kwenye Nembo

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikianza sitasimama. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na tumboni nina chai tu. Jirani yangu Macharia alikuwepo. Ukimuuliza atakwambia vile vile, ingawa hapendi kuulizwa. Siku hizi hata mayai yake hayapeleki tena upande wa Nanyuki.

Mimi nashona nembo za shule. Nina duka dogo mjini Nyeri na mashine moja ya kudarizi inayofuata picha iliyo kwenye kompyuta. Kazi hii ina sheria moja: mstari haubaki wazi. Uzi ukiachwa ncha huru, sweta ikifuliwa mara mbili nembo inaanza kufumuka, na mama mwenye sweta anakuja dukani na mdomo wake. Kwa hiyo kila duara nalifunga. Mkono wangu hufunga kabla hata sijafikiria.

Basi siku moja akaja Mwalimu Wafula. Ni mtu wa Bungoma, anafundisha jiografia katika shule moja ya kibinafsi huko Ruring'u, na mkubwa wake alikuwa amemtuma atafute nembo mpya. Aliniletea nakala ya ukurasa wa kitabu cha zamani sana, cha wakati ule picha zilichongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Ilikuwa picha ya mkono unaotoka kwenye wingu, umeshika kitu kama kikapu cha mviringo kilichofumwa kwa pete tupu. Pete zilipishana huku na huku, na katikati kabisa palikuwa na kidude kidogo kama punje ya njegere.

"Hiyo ya katikati ndio dunia," Wafula akaniambia. "Hizi pete ni njia za jua na nyota. Hao watu wa kitambo waliona kila kitu inatuzunguka sisi. Wafalme wakaiweka kwa ngao zao, wapiga chapa wakaiweka kwa ukurasa wa kwanza wa vitabu, ndio ujue wameijua dunia. Hata bendera ya Ureno iko nayo mpaka leo."

"Na watoto wa Ruring'u inawahusu nini?"

"Mama, director amechoka na mwenge na kitabu. Anataka kitu watu watauliza."

Pete kubwa ya nje ilikuwa na pengo upande wa chini, pengo la upana wa punje ya mchele. Wafula akasema pengine ubao ulipata ufa au mchongaji aliteleza, akaniomba nirekebishe. Nikarekebisha. Picha ikakaa kwenye kompyuta na pete zake zote zimefungwa, sweta zikadariziwa, zikaenda shuleni. Ile nakala niliibandika ukutani kwa sababu, nisikudanganye, ilikuwa inapendeza.

Lakini moyo wangu haukuwa kwenye nembo wakati huo. Ulikuwa Timau. Msichana wangu Nyambura anafanya kazi huko, kwenye shamba la maua, na alikuwa karibu kujifungua. Mumewe ni polisi na walikuwa wamemhamishia Lodwar. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa bila kulia, na Nyambura alikuwa peke yake kitandani alipoambiwa. Safari hii aliniomba kitu kimoja tu: "Mama, nisikuwe peke yangu tena." Nikamwahidi. Nililala na simu kifuani, nikaoga nayo karibu na beseni, nikaenda nayo mpaka chooni. Kama umewahi kungoja simu ya namna hiyo unajua ninachosema.

Ilikuwa Julai, ule mwezi wetu wa ukungu ambao hujui kama ni asubuhi au jioni. Nilikuwa nimewasha taa za duka mchana. Niliinua kichwa nikakuta mama amesimama mbele ya meza. Sikusikia mlango, na mlango wangu hulia. Alikuwa amenizidi umri kidogo, amejifunga kitambaa kichwani, na mkononi ana shali nyeupe ya mtoto mchanga. Macho yangu yalienda miguuni mwake, sijui kwa nini. Buti moja la mvua lilikuwa na udongo mwekundu wa kwetu. La pili lilikuwa na udongo mweusi tititi, ule wa mashamba ya mpunga ya Mwea. Nikajiuliza, huyu ametembea wapi asubuhi hii?

Hakunisalimia vizuri. Alinyoosha kidole ukutani.

"Nataka hiyo kwa hii shali," akasema. "Lakini uniachie hako kapengo. Usikafunge."

"Mama, hiyo ni makosa ya aliyechora."

"Si makosa. Hiyo ni njia. Ukifunga, mtu atatokea wapi?"

Nikamwambia sawa, kaa hapo kwenye benchi. Na kusema kweli nilitaka tu aondoke, alikuwa ananitia baridi kuliko ule ukungu wenyewe. Sasa sikiliza vizuri. Kuacha lile pengo kulitaka nifungue picha upya, nikate mstari, nipange njia ya sindano tena. Picha iliyofungwa ilikuwa tayari. Mtu mzima anataka kapengo ka mchele, nani atakaona? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi siku hiyo niliubeba kwa kidole kimoja. Nikabonyeza, mashine ikaanza. Ilipofika pete ya nje ikazunguka mpaka ikarudi pale ilipoanzia, ikafunga fundo.

Nilikuwa nakata nyuzi simu ilipolia. Muuguzi wa Timau. Nyambura amefika hospitalini, uchungu umeanza vibaya, njooni. Nikainua macho nimwambie yule mama kwamba nafunga duka. Benchi lilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na mabonge mawili ya udongo, jekundu na jeusi. Nikaitupa ile shali mkobani pamoja na mikasi na nusu ya wembe ninayoiweka kwenye karatasi kwa kufumulia, nikakimbia kwa Macharia.

Macharia ana gari la kusambaza mayai, na hana maneno mengi. Akashusha trei zake, tukaondoka. Tukapita Kiganjo, tukapita Naro Moru. Wewe ukiwa mtu wa huku unajua, kutoka Nyeri kwenda Nanyuki na Timau mlima uko mkono wa kulia, uonekane usionekane. Siku hiyo haukuonekana. Ukungu ulikuwa mzito mpaka Macharia akawa anaendesha pua ikiwa kwenye kioo. Nilikuwa naomba kimoyomoyo tu: nifike, nifike.

Kisha ukungu ukakatika ghafla, jua kali likatupiga usoni, na mbele yetu palikuwa na kreti za nyanya, magunia ya mchele na wanawake wanapiga kelele za biashara.

Macharia akasimamisha gari. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Hii ni Kagio," akasema.

Niamini. Kagio iko upande wa pili wa mlima, Kirinyaga. Kufika huko kutoka Naro Moru bila kurudi nyuma, ni lazima upite Nanyuki, Timau, Meru, Chuka na Embu, uuzunguke mlima karibu wote. Hiyo ni safari ya kuchosha dereva. Sisi tulikuwa hatujamaliza hata kuzozana kuhusu kufungua dirisha, na mshale wa mafuta ulikuwa haujashuka. Macharia alimuuliza muuza nyanya mmoja hapa ni wapi, naye akamcheka, akamuuliza kama amelewa saa hizi.

Tukaingia barabara ya Karatina, tukapanda tena kwetu. Kiganjo, Naro Moru, ukungu. Nilimpigia muuguzi, simu ikalia bila kupokewa. Nikamwambia Macharia asipepese macho, na mimi nikawa nahesabu miti ya kando ya barabara kwa sauti kama mwendawazimu. Ukungu ukakatika. Jua, nyanya, mchele. Kagio tena. Yule muuza nyanya alipotuona mara hii hakucheka.

Hapo nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sababu niliona Nyambura amelala kitandani akiuangalia mlango, na mimi nazungushwa kama punda wa kisima. Macharia ametoa rozari yake, midomo inamchezacheza. Nilipofungua mkoba kutafuta leso, nikaishika shali. Nikaikunjua, nikaiangalia ile nembo. Kile kidude cha katikati nikakiona kama mlima. Ile pete ya nje ndiyo barabara tuliyokuwa juu yake, na mimi ndiye niliyeifunga, kwa fundo langu mwenyewe.

Kioo cha upande wangu kikagongwa. Alikuwa yeye. Kitambaa kile kile, buti zile zile.

"Nilikuomba kanafasi kadogo tu," akasema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Sasa tumefungiwa wote wawili."

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Mimi pia niliitwa. Msichana wangu alikuwa anazaa Timau, nikatoka mbio na hii shali. Sikufika. Tangu hiyo siku ninauzunguka huu mlima, na kila nikiuliza njia watu wananionyesha mbele."

Sikumuuliza ni lini. Ungemuuliza wewe? Nilitoa wembe, nikalaza shali magotini, nikaanza kufumua. Nikajikata, damu ikaingia kwenye kitambaa, nikaendelea. Nilikata lile fundo, nikavuta nyuzi mpaka pengo likarudi pale lilipokuwa kwenye picha. Yule mama akaingiza mkono dirishani.

"Nipe, nitangulie," akasema.

Nikampa. Alikunja shali vizuri, kama mtu anayekwenda kumwona mama aliyejifungua, akapita kati ya kreti za nyanya. Macharia anasema yeye aliona mkono tu, na shali ikitoka. Mwili wenyewe hakuuona.

Mara ya tatu tulipopita Naro Moru ukungu ulikuwa ule ule, ila ulikatika Nanyuki, kama unavyotakiwa. Kisha yakaja mashamba ya ngano, kisha vibanda vya plastiki vya maua, kisha Timau. Jua lilikuwa linaenda kulala. Nilikimbia kwenye ule ukumbi wa hospitali huku nikiita jina la mtoto wangu bila aibu.

Nyambura alikuwa ameketi na mito mgongoni. Kifuani mwake palikuwa na kitoto cha kike, kimekasirika, kinalia kwa sauti yote Mungu aliyokipa. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile. Kilikuwa kimefungwa kwenye shali nyeupe. Nembo ilikuwa upande wa juu, pengo liko wazi, na kando yake doa la damu ya kidole changu.

"Mama, usilie," Nyambura akasema. "Sikuwa peke yangu. Kuna mama alikuja ikiwa mbaya kabisa, akanishika mkono mpaka mtoto akatoka. Alikuwa ananiita jina ingine, Wanjiku, nikaona nisimkatize. Mtoto alipolia akasema, 'Mwanangu, nimefika.' Nikadhani ni wewe umemtuma."

Nikamuuliza muuguzi. Akasema hakuna mgeni aliyeingia wodini, na shali alidhani mgonjwa amekuja nayo. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikaushika mkono wa Nyambura, ule ulioshikwa na mwenzangu. Ulikuwa na udongo mweusi kwenye kucha.

Ungedhani hapo ndipo ningetulia. Mjukuu wangu anatembea sasa, anavunja vikombe, ana afya kama ndama. Lakini mimi sijatulia, kwa sababu ya zile sweta za Ruring'u. Nilizishona kabla, zote pete imefungwa. Nilimwendea Mwalimu Wafula nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima, akanifungulia darasa moja baada ya lingine, na shule ikarudi kwenye mwenge na kitabu. Sweta za watoto waliokuwepo nilizifumua. Lakini wapo waliohama, wapo waliopitishia wadogo zao, na nyingine zimeuzwa mitumba sokoni. Mama mmoja wa Kiganjo aliniambia kijana wake alianza kuchelewa kurudi nyumbani. Alipoulizwa alisema amepita mbele ya lango lao mara nyingi jioni hiyo, analiona, lakini miguu inampeleka mbele. Nilimwomba anionyeshe sweta. Unajua nilichokikuta kifuani.

Kwa hiyo nembo zangu za siku hizi, ziwe za ndege au za mwenge, ukizichunguza utaona mahali uzi haukufika. Usiniletee nikufungie, na usifunge mwenyewe. Kabatini kwako kama kuna sweta yenye mkono unaoshika kikapu cha pete, ifumue leo, kabla mtoto hajaivaa. Na jioni shule zikifunga, ukimwona mwanamke amesimama kando ya barabara anakodolea vifua vya watoto, usimpigie kelele za mwizi. Ana nusu ya wembe kwenye karatasi. Mwache amguse mtoto wako kidogo, akate fundo moja tu, ndipo mtoto afike nyumbani.