Nilimuuza Shemeji Yangu Ndani ya Filamu

Mimi ndiye niliyemtoa shemeji yangu jicho. Sikumgusa hata kwa kidole, lakini kosa ni langu. Mnitukane mkitaka!

Kazi yangu ni kufasiri filamu kwenye chumba cha video hapa Kamenge. Filamu inaongea lugha yake, mi nashika mikro naongea Kiswahili juu yake. Na desturi yetu, wahusika tunawapa majina ya watu wa mtaani. Mwoga anaitwa jina la jirani, mlafi la muuza mikate. Watu wanavunjika mbavu.

Jumapili ile mchana tulileta sehemu ya pili ya filamu ya dunia iliyoungua, watu wanachinjana kwa ajili ya esanse, mafuta ya kutilia magari. Watu walijaa mpaka mlangoni. Sehemu ya kwanza ilikuwa moto! Shujaa haongei, anapiga tu. Hii ya pili nayo ilianza vizuri: malori yanagongana mchangani, mtu anakatwa mkono kwa mnyororo, damu mpaka kwenye kioo. Kwa mapigano, sina neno. Lakini katikati, yebaba we! Shujaa kawa mhubiri, nusu saa wamekaa pangoni wanabishana. Watu wakaanza kupiga miluzi.

"Mfasiri, umelala?"

Na mi sikuwa nimeitazama kabla. Uvivu! Wenzangu huitazama mara mbili ndipo washike mikro. Mi nilijiamini.

Akatokea jamaa mwenye kofia, anafukia mapipa ya esanse kwa siri. Nikaona nimepata cha kuwaamsha. Nikapaza sauti: "Huyu ni Hamadi wa garaji! Mnalala kwenye foleni na magari yenu, kumbe Hamadi anayo!"

Hamadi ni kaka wa mke wangu, garaji yake iko pale pale jirani. Siku hizo mji mzima haukuwa na esanse, watu wana hasira mpaka kooni. Wakacheka. Nikaongeza chumvi: "Bido ziko nyuma ya garaji, nimeziona kwa macho yangu!"

Ni kweli nilikuwa nimeziona. Lakini yalikuwa madumu tu, bido za oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari.

Kicheko kikakatika. Wanaume kama sita wakasimama, wakatoka. Nikadhani wanakwenda kuvuta sigara. Kwenye filamu umati ulikuwa unamponda mwenye kofia kwa mawe, na mi nikapandwa na mzuka: "Piga! Piga Hamadi! Mmalize!" Spika moja iko nje, barabarani. Mungu wangu!

Mke wangu akaingia bila kitambaa kichwani. "We mutu! Wanamuua kaka yangu, na we unawahimiza!"

Nikatupa mikro nikakimbia. Hamadi alikuwa chini, wanamkanyaga, mmoja anamchapa usoni kwa mnyororo wa baiskeli. Bido zimepasuliwa, oili nyeusi imechanganyika na damu.

"Apana! Apana! Ni filamu tu!" nikalia.

Yule wa mnyororo akanigeukia. "Si umesema umeziona kwa macho?"

Wazee waliokuwa wanatoka msikitini ndio waliomtoa mikononi mwao. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha.

Niliporudi kuzima mashine, filamu ilikuwa ukingoni. Kumbe mwenye kofia hakuwa msaliti! Esanse aliificha kwa ajili ya lori la kuwatoa watoto. Filamu ina ubaya huo, inaficha ukweli mpaka dakika za mwisho. Lakini filamu haikumpiga mtu. Mi ndiye niliyehukumu mapema.

Mke wangu amerudi kwao Gasenyi. Nilipokwenda kuomba msamaha, Hamadi alinipokea na bendeji usoni, hata chai akaniagizia.

"Shemeji," akasema, "nilipokuwa chini nilisikia sauti yako, maneno sikuyashika. Nikafurahi. Nikajua unakuja kuniokoa."

Nililia mpaka chai ikapoa!

Wenzangu mnaoshika mikro, nawasihi. Tazameni filamu mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo, na jina la mutu aliye hai msilitie humo, hata watu wapige miluzi namna gani. Anayeona natia chumvi aje garajini amwone Hamadi akinyoosha mkono kuchukua spana. Anaikosa mara mbili ndipo aishike.