Kifuniko cha Land Rover ya Mzee Guyo

Jamani, leo nimeharibu.

Mimi ni karani wa vifurushi hapa Isiolo. Mzee Guyo alikuwa akingoja kifuniko cha distributa, ambacho bila hicho injini haiwaki, cha Land Rover yake ya zamani, ile inayopelekea familia yake maji kule Kipsing.

Nairobi imefungwa kwa sababu ya korona, malori ya chakula tu ndiyo yanapita. Dereva mmoja alikibeba. Haruhusiwi kushuka, akakitoa dirishani.

"Karani, shika!"

Halafu akakohoa.

Nikarudisha mikono. Kifuniko kikaanguka kwenye lami, kikapasuka.

Mzee akaokota vipande. "Binti yangu, si ungeshika tu? Sabuni iko."

Nani ana Land Rover mbovu imelala uani? Naombeni kifuniko.

Mzee bado ameketi nje ya ofisi. Hajaniuliza kingine kitafika lini.