Vidonge Kabla ya Maziwa

Kutoka Newala mpaka Haneti nilisafiri kama mtu anayefukuzwa, ingawa hakuna aliyenifukuza. Nililala Masasi, nikalala Dar es Salaam, nikashuka Dodoma mjini na vumbi la njia nzima puani, kisha nikapanda lori kwenda kaskazini, nimekalia mabati yale yale niliyokuwa naenda kuyapigilia. Mimi ni fundi wa kuezeka. Paa moja likiisha, miguu huanza kuniwasha. Nikishafika mbali, naanza kupakumbuka nilikotoka. Nimevuka miaka arobaini na bado niko hivyo.

Kazi ilikuwa nyumba za walimu. Mkandarasi alinitafutia chumba kwa mama mmoja wa Kigogo, mjane, mwenye ng'ombe wachache. Kila asubuhi aliwauzia maziwa walimu na majirani, na hayo ndiyo yaliyomlisha. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, na kabla sijatua begi akanimiminia kikombe kutoka kwenye kibuyu, maziwa yananukia moshi.

"Kunywa, mwanangu. Kwangu mtu haingii akakaa na koo kavu."

Kwetu ni nchi ya korosho. Maziwa niliyoyajua ni ya kopo, kijiko kimoja kwenye chai. Nilikunywa yote kwa heshima, na muda si mrefu tumbo likaanza kunguruma. Choo kilikuwa upande wa pili wa ua, na njia yake ilipita mbele ya jiko la mama. Siku ile nilipita mpaka nikaanza kuinamisha kichwa. Kesho yake kikombe kikaja tena, na keshokutwa tena. Kazini ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana bati jipya halifichi sauti.

"Fundi, tushuke?" kibarua mmoja aliuliza. "Nasikia radi, na wingu silioni."

Wenzake wakacheka mpaka nyundo zikasimama.

Ningeweza kumwambia mama. Lakini pale ng'ombe ndiye heshima ya nyumba, na maziwa hunywewa hata na mtoto asiye na meno. Mwanaume mwenye ndevu aanzie wapi kusema yamemshinda? Nilipokwenda mjini kufuata misumari, niliingia duka la dawa, nikasubiri wateja waishe, nikamnong'oneza dada wa dirishani. Yeye wala hakunong'ona.

"Huna ugonjwa, kaka. Tumbo lako halina kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa. Kuna vidonge vyenye kimeng'enya hicho. Unameza ukianza kunywa, si baadaye. Wanaonunua hapa ni watu wa maofisini."

Nilirudi navyo mfukoni, nimevitoa kwenye boksi na kuvifunga kwenye kikaratasi. Vilifanya kazi. Kila mama aliponiletea kikombe nilimgeuzia mgongo kidogo, nikatupia kidonge mdomoni, ndipo nikageuka na kunywa. Tumbo likatulia. Miezi ile nilikuwa na raha kuliko sehemu nyingi nilizowahi kukaa. Jioni nilikaa naye uani tukila ugali wa uwele na mlenda, ananicheka ninavyotamka maneno ya Kigogo.

Sikujua kwamba alikuwa ameniona. Asubuhi moja kikombe kilikuja na chai ya rangi. Kesho yake pia. Siku ya tatu aliketi mbele yangu.

"Mwanangu, ile unayomeza kabla ya maziwa yangu ni nini?"

"Dawa ya malaria, mama."

"Malaria gani hiyo inayongoja maziwa?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Kule mtu anayemeza kitu kwa kificho kabla ya kula cha mwenyeji anajikinga. Na anayejikinga amekwishasema moyoni kwamba mwenyeji ana sumu, au ana mkono mbaya. Hilo nililielewa palepale, nikiwa nimeushika ukweli mdomoni, na bado nikaona aibu ya tumbo langu ni kubwa kuliko ya mama. Nikaondoka kwenda kazini.

Jirani mmoja naye alikuwa ameona, na alikuwa na mdomo; akasambaza kwamba mgeni wa mama anajikinga na uchawi wake. Walimu wakaanza kusema wana maziwa ya kutosha. Majirani wakatuma watoto nyumba nyingine. Maziwa ya mama yakawa yanalala kwenye vyungu, yanaganda, na yeye anayatazama tu.

Jumapili, watu walipotoka kanisani na kusimama kusalimiana, nilikwenda katikati yao na kile kikaratasi. Nikasema yote: tumbo, choo, vidonge, dada wa dukani. Kikapasuka kicheko kikubwa.

"Fundi mzima!" yule jirani alipiga makofi. "Juu ya paa huogopi, unaogopa chakula cha ndama?"

"Kumbe ndiyo ile radi!" kibarua akadakia.

Walicheka, na kesho yake wakaja na chupa zao kununua. Nilidhani yameisha. Jioni mama aliniita.

"Umenisafisha, nashukuru. Ila uliniona naitwa mchawi, ukanyamaza, kwa sababu wewe hukutaka kuitwa mgonjwa."

Hakunifukuza wala hakuninyima chakula. Aliacha tu kuniita mwanangu. Nikawa fundi: fundi umeamkaje, fundi maji yako haya. Mkandarasi alinipa nyumba nyingine ya kuezeka palepale kijijini, nikamwambia kwetu wananihitaji. Hakuna aliyekuwa ananihitaji.

Siku ya kuondoka nilimkuta zizini anakamua. Nilimwamkia, nikasimama na begi begani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikimngoja aseme lile neno.

"Marahaba," alisema bila kuacha kukamua. "Safari njema, fundi."