Gunia Tupu la Onésime

Mzee Onésime alishuka metro akiwa na gunia chini ya koti. Ndani ya gunia mlikuwa na magazeti aliyoyalowesha kwenye sinki lake kule Molenbeek, Brussels. Chipukizi cha mgomba husafiri kimefungwa kitu chenye unyevu, la sivyo kinakauka. Hilo hakufundishwa shuleni. Shule hakwenda.

Kwao, milimani juu ya Bukavu, chipukizi cha mgomba hakiuzwi wala hakinyimwi. Ukiomba, unapewa. Ila shamba la aliyekupa likifa, unamrudishia. Anayenyima huachiwa gunia tupu mlangoni, kila apitaye ajue humo anakaa mtu wa namna gani.

Mwaka 2003 profesa mmoja wa Ubelgiji alifika kwa Émérance, mke wa Onésime, akaomba. Émérance akamchimbia vitatu, vizuri kuliko alivyobakiza. Akampikia na ndizi. Miaka michache baadaye kuvu ya madoa meusi ikala majani ya shamba zima. Mume na mke wakamfuata binti yao Brussels. Mwaka 2011 Émérance alirudi kumzika mama yake, homa ikamchukua hukohuko. Amelala pembeni ya shamba lile, na hakuna mgomba hata mmoja uliosimama karibu naye. Onésime alitaka usimame mmoja tu.

Miaka mitatu baada ya msiba, Sephora wa kwaya ya kanisani, anayefanya usafi kwenye taasisi moja ya utafiti, alimwambia: "Papa Onésime, kazini kwetu kuko photo ya maman Émérance. Na migomba yake iko. Samedi ni siku ya milango wazi, kila mutu anaingia. Bon, mukuje."

Jumamosi hiyo alikwenda. Nyumba ya vioo ilikuwa na joto la kwao. Migomba miwili ilisimama humo, yote imepuliziwa kuvu. Mmoja majani yamekuwa meusi, yananing'inia. Wa pili kijani mpaka ncha. Profesa alieleza, Sephora akatafsiri: huu wa pili wameutia jeni ya mmea mwingine, kuvu ikashindwa. Profesa alikuwa yuleyule. Nywele tu zimekuwa nyeupe.

Mzee aligusa jani. Kisha akaiona picha ukutani: Émérance, kitambaa kichwani, anacheka, kashika chipukizi.

"Chini bameandika nini?"

Sephora akasoma: "'Mwanamuke mukulima, Kivu.'"

"Na jina?"

"Hakuna, papa."

"Alimupikia. Alikula, akaongeza. Jina akasahau?"

Akalikunjua gunia. "Umuambie mimi njo bwana yake. Nimekuja kuchukua moja. Ile ya kijani."

Profesa alitabasamu, akatikisa kichwa. Sheria. Mmea uliobadilishwa jeni hauruhusiwi kutoka nje ya vioo. Labda baada ya miaka kumi.

"Miaka dix? Mimi niko na soixante-dix-huit, sabini na munane! Umuulize: Émérance alimuomba karatasi gani?"

"Papa, polepole, bantu banaangalia."

"Baangalie! Si ni siku ya milango wazi? Milango wazi, mikono imefungwa!"

Profesa akaibandua picha ukutani, akampa kwa mikono miwili. Zawadi.

"Photo inaweza kuota majani?" Lakini aliichukua. Hakutaka kumwacha humo.

Alipotoka akamwaga magazeti kwenye pipa, akalitundika gunia kwenye kitasa cha mlango. Akalinyoosha sawasawa, mdomo wazi ukitazama njia. Kisha akaondoka bila kuaga.

Alikuwa amekaribia kituo aliposikia mbio nyuma yake.

"Monsieur! Monsieur, votre sac!"

Profesa, gunia mkononi, anahema, anafurahi kuwa amemwahi.

Onésime akalipokea. Akamtazama tangu viatu mpaka nywele. Kisha akarudi njia yote ile, magoti yakimuuma, profesa akimfuata nyuma bila kuelewa, akalitundika tena.